Baa ya juu ghorofani Tanga: upepo mzuri, barafu ya aibu

Nilitaka kuipa nyota nne. Nasema mapema ili wenye baa wasidhani nimekuja na chuki zangu. Jina silitaji, wenyeji wataijua wenyewe: iko ghorofa ya juu kabisa, upande unaotazama bandari, ile ambayo kila mtu mjini siku hizi anapigia picha.

Mandhari ni ya kweli. Mbele una ghuba yote, Kisiwa cha Toten kimekaa katikati, meli zimetia nanga zikisubiri zamu. Ila matangazo yao yanaahidi machweo ya jua baharini, na hilo kwa Tanga halipo. Jua letu linatua nchi kavu, upande wa milima ya Usambara. Ukitaka kuliona kaa meza za nyuma, ukitaka bahari kaa za mbele, na fika kabla ya saa kumi na mbili jioni kwa sababu meza za kona huisha haraka. Na kipindi cha kaskazi usikubali meza iliyo chini ya upepo wa jiko la mkaa, moshi wote utakula wewe. Kusi ikianza kuvuma mambo yanageuka, meza hiyohiyo inakuwa nzuri.

Hayo yote ni sawa. Sasa tuje kwenye lililonipandisha hasira.

Niliagiza mojito, kinywaji cha rumu, ndimu na nanaa, shilingi 15,000. Kijana wa kaunta akachukua glasi, akaizamisha moja kwa moja kwenye kasha la barafu, akachota nayo. Kasha lenyewe ni lile la plastiki la kubebea vinywaji, na humo humo zimelala chupa za bia na soda hadi shingoni. Nikamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, hiyo barafu ni ya chupa. Naomba ya glasi." Akashangaa, akamwita msimamizi. Msimamizi akaja na simu mkononi, akanijibu bila kuinua macho: "Bosi, barafu ni barafu tu. Kama inakusumbua agiza bia."

Barafu si barafu tu. Mtu aliyekabidhiwa kaunta akisema hivyo mbele ya mteja, ujue hakuna aliyemfundisha kazi, au alifundishwa akapuuza.

Tuanze na chupa. Chupa imetoka kiwandani ikiwa safi, sawa. Kisha imepanda lori, imekaa stoo ambako panya wanapita juu ya kreti, imeshikwa na wapakiaji, imepandishwa ngazi. Ukiilaza kwenye barafu, vumbi na uchafu wote wa nje unaoshwa na maji ya barafu na kubaki mle ndani. Barafu hiyo ukiitia kwenye glasi, umemnywesha mteja maji ya kuoshea chupa. Na asije mtu akasema baridi inaua wadudu. Haiui. Vijidudu vya kuharisha vinaganda na barafu, barafu ikiyeyuka vinaamka. Pombe nayo haisaidii hapo: rumu ya asilimia 40 ikishachanganywa na soda na barafu, kinachobaki kwenye glasi ni karibu asilimia 10.

Halafu kuchota kwa glasi. Hili ndilo baya kuliko yote, na nashangaa mwenye mali halijui. Ukingo wa glasi ukigonga barafu ngumu unabanduka, hasa glasi ikiwa imetoka kuoshwa na bado ina joto. Kipande kinachobanduka kinaweza kuwa chembamba kama ukucha wa mtoto, na ndani ya barafu hukioni kabisa. Kwa hiyo kanuni ya kaunta yoyote inayojiheshimu ni hii: barafu huchotwa kwa koleo la kuchotea lenye mpini, la chuma au la plastiki ngumu, na koleo lenyewe halilali juu ya barafu, lina chombo chake pembeni, kwa sababu mpini umeshikwa na mikono. Glasi ikipasukia karibu na kasha, hakuna kuokoteza. Barafu yote inamwagwa, inayeyushwa kwa maji ya moto, kasha linaoshwa na kukaguliwa, ndipo linajazwa upya. Ni hasara ya dakika ishirini. Mteja akimeza kioo, hasara yake haina hesabu.

Pale koleo halikuwepo. Nilitazama kaunta nzima.

Na bado hatujagusa ladha. Barafu ile ilikuwa inaogelea. Kizibo cha chini cha kasha kimefungwa, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo kila kipande kimevaa maji na kimebaki nusu ya ukubwa wake. Wauza samaki wa soko la Deep Sea wanalijua hili kuliko baa za ghorofani: barafu inayolala kwenye maji yake inaisha mbio, lazima maji yapate pa kutoka. Weka kichujio au trei yenye matundu chini ya kasha, fungua kizibo, ingiza mpira kwenye ndoo. Gharama yake haifiki bei ya mojito mbili.

Barafu iliyolowa ina kasoro gani kwenye glasi? Ile iliyotoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni ngumu, haina maji juu yake, na inaanza kupoza kinywaji kabla haijatoa maji mengi. Iliyolowa inaingia na maji yake tayari. Unakunywa funda la kwanza tu, rumu imeshakuwa maji. Halafu kijana akaniachia vipande vitatu tu, labda akidhani ananipendelea kwa kunipunguzia barafu. Wateja wengi nao wanaomba hivyo: "barafu kidogo, nisipunjwe." Ni kujipunja wenyewe. Vipande vitatu haviwezi kupoza glasi nzima, vinayeyuka vyote, na kinywaji kinabaki vuguvugu na chepesi. Glasi ikijazwa barafu hadi ukingoni kinywaji kinapoa upesi, na kikishapoa barafu inayeyuka polepole. Kipimo cha rumu ni kilekile, kimepimwa kwa kikombe.

Kama kimepimwa, maana pale alimimina kwa macho. Mojito ya kawaida ni rumu nyeupe mililita 45, maji ya ndimu mililita 20, sukari vijiko viwili vya chai, vitawi sita vya nanaa, soda ya kumalizia. Nanaa inabonyezwa taratibu na sukari na ndimu mpaka inukie, basi. Yeye aliitwanga kama kisamvu, ikachanika, ikatoa uchungu, na vipande vikaziba mrija. Ndimu ilitoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, imekamuliwa muda mrefu, imeshaanza ukakasi. Tanga! Mkoa ambao ndimu na machungwa yanashuka kutoka Muheza kila siku, mtu anashindwa kukata ndimu mbili mbele ya mteja.

Nilipouliza kwa nini barafu ni mbovu hivyo, kijana akasema mashine imezidiwa. Namwamini, na kosa hapo si lake. Mashine imewekwa juu hukohuko, chini ya bati, imesukumwa ukutani. Mashine hizi zinatoa joto, zinahitaji nafasi ya kupumua, walau shubiri moja kila upande. Huku pwani chumvi na vumbi huganda kwenye mapezi ya nyuma, yale mabati membamba ya kutolea joto, na yasiposafishwa kwa brashi kila mwezi mashine inahema tu bila kuzalisha. Kubwa zaidi ni maji. Yanatoka kwenye simtanki jeusi lililokaa juani kutwa nzima, kwa hiyo yanaingia kwenye mashine yakiwa ya kuogea. Kilo za barafu zinazosomeka kwenye karatasi ya muuzaji wa mashine mara nyingi zimepimwa kwenye hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Juu ya paa la Tanga mwezi wa pili hupati hewa hiyo wala maji hayo, kwa hiyo hupati na hizo kilo.

Dawa yake ipo. Ishusheni mashine ghorofa ya chini yenye kivuli. Jengeeni simtanki kibanda cha makuti. Iacheni izalishe usiku hadi alfajiri kukiwa na ubaridi, pakieni barafu kwenye mifuko safi, hifadhini kwenye friza, na jioni pandisheni mfuko mmojammoja. Kadirieni kilo moja na nusu kwa kila mteja. Watu 80 ni kilo 120. Mkiona usiku wa Jumamosi mtapungukiwa, nunueni mapema kwa mtengenezaji anayetumia maji yaliyochujwa. Msikimbilie barafu ya samaki saa tatu usiku.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja, akaja dada anayehudumia meza. Huyu lazima nimtaje kwa wema, ingawa jina silisemi. Alikuwa ameona kilichotokea. Akasema, "Pole sana, naomba nikubadilishie," akaiondoa glasi, akaleta soda ya chupa kutoka kwenye jokofu, akaifungua mbele yangu na kuifuta mdomo kwa karatasi safi. Mojito haikuingia kwenye bili. Wazee wa meza ya pili aliwaamkia shikamoo kabla hajawauliza watakula nini. Hivyo ndivyo watu wa Tanga wanavyopokea wageni, na mshahara wa yule msimamizi ningeuhamishia kwake.

Pweza naye alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Amechemshwa kwanza akalainika, kisha akapitishwa kwenye mkaa mkali kwa muda mfupi, ncha za mikia zimekauka, ndani bado ana maji yake. Wengi wanamchoma akiwa mbichi anakuwa raba. Chumvi, ndimu, pilipili ya kupondwa, basi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilikuja bila kuombwa na hesabu ilikuwa sahihi. Nikasema moyoni, nyota tatu, mojito ni bahati mbaya.

Halafu nikatazama meza zilizonizunguka. Mama na watoto wake, juisi ya ukwaju. Vijana watano, watatu wanakunywa soda kwenye glasi. Wale wazee, maji na juisi ya pasheni. Tanga ni mji wa Waislamu wengi na wa familia. Watu wanapanda pale kupunga upepo na kula, na si kila mtu anakuja kulewa. Na juisi ndiyo inayokula barafu kuliko kitu chochote. Mnywa bia chupa yake imefunikwa, uchafu wa kasha unabaki nje. Asiyekunywa pombe ndiye anayetiliwa ile barafu ndani ya glasi, na mwanawe pia. Nikamwona kijana yuleyule akizamisha glasi ya mtoto kwenye kasha lilelile, katikati ya chupa, akajaza ukwaju, akachomeka mrija wa rangi.

Sasa kwa hao msimamizi anasema nini? "Agiza bia"? Amwambie yule mama aagizie watoto bia?

Nilimfuata tena, safari hii sikuwa mpole. Nikamwonyesha kasha, nikamwonyesha glasi. Akaniambia wateja wengine hawajalalamika. Bila shaka hawajalalamika! Tumbo linakuja kuuma kesho, nyumbani, na mtu anasingizia pweza. Mpishi aliyefanya kazi yake vizuri ndiye atakayebeba lawama ya kaunta.

Kwa hiyo nyota tatu nimezirudisha. Ni moja, na hiyo ni ya yule dada na jiko. Mkienda, kunyweni kilichofungwa: bia, soda au maji ya chupa iliyofunguliwa mbele yenu, au dafu likatwe mkiliona. Juisi iagizeni bila barafu, na muulize imetoka kwenye jokofu au imepozwa kwa kutiwa barafu, maana jagi likishatiwa, kusema "bila barafu" hakukusaidii. Watoto msiwaachie waagize wenyewe. Kabla ya kuketi piteni kaunta mtazame kama koleo lipo na kama chupa zimetolewa kwenye kasha la barafu ya glasi. Siku mkikuta makasha ni mawili, la chupa na la barafu ya glasi, niandikieni hapa chini, nitakwenda kuhakikisha na nyota nitaziongeza siku hiyohiyo.