Almasi kubwa au almasi iliyokatwa vizuri?
Ukitafuta pete ya uchumba Kampala, sonara anaweza kukuwekea almasi mbili: ya karati 1 yenye mkato mbaya, na ya karati 0.8 yenye mkato mzuri. Ningechukua ya pili bila kusita. Karati ni uzito tu, karati 1 ni gramu 0.2. Mng'ao huletwa na mkato: pembe zikiwa sawa, mwanga hurudi jichoni, jiwe likiwa na kina kupita kiasi, mwanga hutorokea chini na katikati panafifia. Tena uzito mwingi hujificha chini, huuoni lakini unaulipia shilingi zako! Rangi hupangwa kutoka D (bila rangi) hadi Z (yenye unjano), usafi hukaguliwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kwa rangi na usafi, dai cheti cha maabara.