CR-V, RAV4, Escudo, Forester au X-Trail: Lipi la Kununua Likiwa Limeshazeeka?

Mnunuzi anayeishi mtaa ambao lami inaishia mbali na geti lake, na ambaye mfuko wake haujafika kwenye Prado, mara nyingi hujikuta akichagua kati ya magari matano: Honda CR-V, Toyota RAV4, Suzuki Escudo, Subaru Forester na Nissan X-Trail, yote ya matoleo yaliyoanza kuuzwa Japani kati ya mwaka 2005 na 2007. Leo hayo ni magari ya umri mkubwa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa atapata tu lile ambalo limeshapiga mashimo ya huko kwa miaka mingi. Tanzania bado huyapokea kwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na kwa sababu hiyo wengi huona nafuu kutafuta la namba C au D, yaani lililosajiliwa nchini miaka kadhaa iliyopita, ambalo mwenyewe ameamua kuliuza.

Nimeyapanga kwa kigezo kimoja, nacho ni kitu gani huharibika katika gari la umri huu, na kama fundi wa kawaida anaweza kukitengeneza kwa spea za Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, bila mwenye gari kuuza kiwanja. Mwendo kasi na urembo wa taa sikuvihesabu.

Nafasi ya kwanza naipa CR-V ya 2006 hadi 2011, ingawa najua wengi wangetaja Toyota kabla ya kufikiri. Sababu yangu ni injini na giaboksi. Injini yake ya lita 2.4 hutumia cheni badala ya mkanda kuendesha valvu, nayo huvumilia umri vizuri ikibadilishiwa oili kwa wakati. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida yenye gia tano, ya aina ambayo mafundi wetu wameifungua miaka mingi. Udhaifu wake unajulikana na unaweza kupimwa kabla ya kulipa. Difu ya nyuma hutaka mafuta maalumu ya Honda, na yakichakaa au yakiwekwa ya kawaida, gari huguna linapokatwa kona kali polepole. Lizungushe gari uwanjani huku stelingi imekatwa hadi mwisho, usikilize. Mguno huo mara nyingi huisha kwa kubadilisha mafuta, kwa hiyo usiukimbie, utumie kushusha bei. Jambo la kuogopa zaidi ni kompresa ya AC, kwa sababu inapokufa hutawanya chembe za chuma katika mfumo mzima, na mtu aliyedhani atabadilisha kifaa kimoja hujikuta akinunua vinne. Gari hili pia halikuinuka sana kutoka ardhini, na anayepita kila siku kwenye makorongo asijidanganye kwa sababu tu linaitwa SUV.

RAV4 ya kizazi hichohicho inakuja ya pili, na kama ingeuzwa kwa bei ya CR-V pengine ingekuwa ya kwanza. Spea zake zinapatikana hadi wilayani, na siku ya kuiuza hutasubiri mteja. Lakini sifa hizo umeshazilipia siku ya kununua, na jina la Toyota limewafanya wanunuzi wengi wasiikague. Injini yake ya lita 2.4, hasa katika magari ya miaka ya mwanzo, ina tabia ya kula oili, kwa kuwa vitundu vya pistoni vinavyorudisha oili huziba kwa masizi na ringi zikashindwa kuifuta ukutani mwa silinda. Mwenye gari huongeza nusu lita kila baada ya wiki kadhaa bila kumwambia mtu, kisha siku moja husahau. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, chomoa kijiti cha oili, tazama kiwango na rangi. Kisha iache ikiwaka bila kukanyagwa kwa dakika kumi, ukanyage mafuta ghafla huku mwenzako amesimama nyuma akitazama eksozi. Moshi wa buluu ukitoka, unayoyatazama ni matengenezo ya injini, na bei inapaswa kusema hivyo. RAV4 nyingi za lita 2.4 zilizotoka Japani zina giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kawaida. Si dhaifu kama ile nitakayoieleza mwishoni, lakini nayo hutaka mafuta yake halisi.

Escudo ni gari la watu wachache wanaojua wanachokitaka. Kati ya haya matano ndilo pekee lenye gia nzito ya 4L, ya kuvuta polepole kwa nguvu, na uwezo wa kufunga difu ya katikati, kwa hiyo mkulima wa Lushoto au mwalimu anayepanda Matombo wakati wa masika atalipenda kuliko yote. Hunywa mafuta kuliko umbo lake linavyoonyesha, kwa sababu magurudumu yote manne huvuta wakati wote na giaboksi ya otomatiki ya zile za lita 2.0 na 2.4 ina gia nne tu. Sikiliza cheni inapowashwa ikiwa ya baridi, na mlio wa difu ya mbele likiwa katika mwendo.

Forester ina wapenzi wake, hasa Kenya, na kwa utulivu barabarani hakuna linaloifikia hapa. Zilizotengenezwa hadi karibu na mwisho wa 2010 zina injini ya mkanda, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na pampu ya maji. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Usipooneshwa ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa. Zilizofuata zisizo na turbo zina cheni, ila baadhi yake hula oili. Matairi yote manne lazima yalingane kwa ukubwa na uchakavu, jambo ambalo wauzaji wengi hulipuuza, nalo huichosha giaboksi.

X-Trail nimeiweka ya mwisho, na hapa najua nitabishiwa, kwa sababu ndiyo inayovutia kuliko zote ukiitazama kwenye yadi. Ina nafasi kubwa, buti lake husafishika kwa urahisi, injini yake ya lita 2.0 haivuki cc 2000 ambapo ushuru wa bidhaa Tanzania hupanda, na bei yake huwa ya chini. Bei hiyo ina sababu. Nyingi zina CVT, ambayo badala ya gia hutumia mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mkanda huo hutegemea mafuta ya aina moja tu, NS-2. Ukiwekwa mafuta mengine, au yakiachwa yachoke, mkanda huteleza, joto hupanda, na gari lililojaa abiria na mizigo hupunguza nguvu lenyewe katikati ya mlima kama Kitonga. Nissan yenyewe, nchini Marekani, iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000, na kampuni haifanyi hivyo kwa kifaa kisicho na matatizo. Ukiipata yenye gia za mkono, ipandishe hadi nafasi ya tatu. Ukiamua kuchukua ya CVT, iendeshe angalau nusu saa, upande mlima, na uiache ukisikia mtetemo au injini ikilia bila gari kuongeza mwendo.

Kwa gari lolote kati ya haya, omba karatasi ya mnada wa Japani kama bado ipo: alama R au RA humaanisha lilipata ajali likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na za dashibodi. Tenga fedha za bushi, shokapu, oili zote na rejeta kabla hujalipa, si baada ya hapo. Kwa Tanzania, hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la anayepokea fedha, kisha angalia faini za barabarani na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa namba ya gari, kwa sababu madeni hayo hubaki na gari.