Mita ya umeme wa gari: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia kununua betri. Wiki mbili baadaye betri mpya nayo iko chini, kwa sababu shida ilikuwa oltaneta (inayoichaji betri injini ikiwaka), au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini) iliyoota kutu, au kitu kinachonyonya umeme usiku. Mita ya kawaida ingelisema hilo mapema, na mita inayotosha kazi za nyumbani haifikii bei ya betri.

Orodha hii ni ya mwenye gari la volti 12, Vitz, IST, Probox, Premio na wenzake, anayetaka kutafuta hitilafu mwenyewe kabla ya kumwita fundi umeme. Tumezipanga kwa kazi inayofanyika chini ya boneti, si kwa wingi wa alama kwenye swichi. Kipimo cha transista, kwa mfano, hakina kazi yoyote kwenye gari.

Vitu vinavyotenganisha mita nzuri na mbaya kwa kazi hii ni vinne: inasoma milivolti ndogo kiasi gani, mlio wake wa kupima waya ni wa papo hapo au unachelewa, tundu la 10A, la kupimia ampea, lina fyuzi au halina, na ukinzani wake wa ndani. Ukinzani huo uwe megaomu 10. Mita ya megaomu 1 haiidhuru betri, lakini ukiigusisha kwenye waya wa kihisi chenye umeme dhaifu, yenyewe inaushusha umeme unaoupima.

1. Mita ya bei ya kati inayojichagulia renji

Hapa ndipo zilipo ANENG AN8008 na UNI-T UT139C. Unageuza swichi kwenye V, unagusa, mita inatafuta renji (kiwango cha kupimia) yenyewe. Mikono yote miwili ikiwa imeshika ncha na kichwa kiko chini ya boneti, hutaki kuanza kukumbuka kama uliacha kwenye 20 au 200.

Sababu kubwa ya kuipa namba moja ni milivolti. Hitilafu nyingi za umeme wa gari si waya uliokatika kabisa, ni kiungo kilichooza kinachopitisha umeme kidogo. Ukikipima kwa omu utasoma karibu na sifuri na kukiacha, kwa sababu nyuzi mbili za shaba zilizobaki zinatosha kabisa kupitisha mkondo mdogo wa mita. Stata inataka ampea mia na zaidi, na nyuzi hizo haziwezi. Kwa hiyo pima volti zinazopotea mkondo ukiwa unapita.

Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) ili injini isiwake. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibano. Nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu. Ikivuka 0.2 V, ethi ya injini ina kasoro: ifungue, isugue kwa msasa, ikaze upya. Halafu nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye bolti nene ya stata, apige tena. Ikivuka 0.5 V, tatizo liko kwenye waya mkubwa au vibano vyake, na stata mpya haitasaidia kitu. Kwa taa inayowaka hafifu, upande wa ethi usipoteze zaidi ya 0.1 V taa ikiwa imewashwa.

Vipimo vya betri yenyewe ni rahisi zaidi. Gari likae saa kadhaa, washa taa kubwa dakika moja kuondoa chaji ya juujuu, zima, subiri kidogo, pima: 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Wakati wa kupiga stata betri iliyochajiwa isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, tarajia 13.8 hadi 14.7, ikizidi 15, kidhibiti cha oltaneta kimekufa na kitaichemsha betri. Magari yenye kihisi cha mkondo kwenye kibano cha hasi hushusha chaji makusudi betri ikijaa, ukaona 12.8 au 13. Washa taa kubwa na feni, pima tena, ndipo uilaumu oltaneta. Mwisho hamisha swichi kwenye volti za AC (umeme wa kupanda na kushuka; wa betri ni DC), injini ikiwa inaunguruma: zaidi ya 0.5 V ni dalili kwamba dayodi ya oltaneta imeungua, hata kama chaji inaonekana nzuri.

Kati ya hizo mbili, AN8008 ni ndogo, inatumia betri mbili za AAA na inahesabu hadi 9999, ila nyaya zinazokuja nayo ni dhaifu. UT139C ni imara zaidi mkononi, inapima joto, na ina MAX/MIN inayoshika volti ya chini kabisa wakati wa kupiga stata. Isikupe imani kupita kiasi: mita za aina hii husoma mara chache tu kwa sekunde, na mshuko wa kwanza kabisa unazipita.

Kero yao ya pamoja ni kujizima zenyewe baada ya kama dakika 15. Ukiwa unasubiri gari lilale (kompyuta zake zizime), hiyo inaudhi. Kwa nyingi, kushikilia kitufe cha kuchagulia huku ukiwasha kunaondoa tabia hiyo; angalia karatasi ya maelezo.

2. Klampu inayosoma ampea za DC

Kama tatizo lako ni moja tu, betri kuishiwa gari likiwa limelala, ipandishe hii iwe namba moja. UNI-T UT210E ina renji ya 2A inayoonyesha hadi miliampea 1, na inapima kwa koleo linalozunguka waya, bila kufungua kibano chochote. Inapima pia volti, omu na mlio.

Hapa pana mtego unaowakamata wengi: klampu nyingi za bei nafuu zinasoma AC pekee. DT266, yenye koleo kubwa na sura ya kazi nzito, kwenye waya wa betri itakuonyesha sifuri hata taa zote zikiwaka. Hata ndani ya familia moja, UT210A, B na C hazisomi ampea za DC. D inasoma lakini si kwa undani wa E. Tafuta herufi A ikiwa na mstari ulionyooka na vidoti chini yake, na kitufe cha ZERO.

Matumizi: zima kila kitu, funga milango au sukuma kufuli la mlango kwa bisibisi lijifunge huku mlango uko wazi, peleka funguo mbali kama ni ya kitufe. Subiri dakika 20 hadi 40 kompyuta zilale. Shika klampu palepale utakapopimia, ikiwa tupu, bonyeza ZERO, ndipo uzungushe kwenye waya wa hasi. Ukiigeuza upande mwingine baada ya ZERO, usumaku wa dunia na wa vyuma vya jirani unaharibu hesabu. Midomo yake ni ya milimita 17 tu, kwa hiyo nyaya zilizofungwa pamoja zitakusumbua.

Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Miliampea 300 zinaimaliza betri ya Ah (ampea-saa) 45 kwa saa 150, yaani siku sita, lakini itashindwa kupiga stata muda mrefu kabla ya hapo.

Usiichomoe fyuzi moja moja kumtafuta mnyonyaji, maana kila ukirudisha fyuzi unaiamsha kompyuta na kusubiri upya. Weka mita ya kawaida, si klampu, kwenye milivolti na uguse vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Fyuzi ya 10A ikipitisha miliampea 100 inaonyesha kama 0.7 mV. Umeshapata njia ya umeme unaovuja. Iliyobaki ni kufuata inalisha nini, na mara nyingi ni redio iliyofungwa mtaani au alamu.

3. Fluke 101

Haina ampea kabisa, na kwa mtu anayeanza hilo ni jambo jema. Ajali ya kawaida ya mita ni hii: mtu anapima ampea, anaacha waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kesho anapima volti za betri. Tundu hilo ndani ni kama kipande cha waya tu, kwa hiyo umeipiga betri shoti, na betri ya gari hutoa mamia ya ampea. Kwenye 101 tundu hilo halipo. Mlio wake ni wa haraka, usahihi wake unaaminika miaka mingi, inapima masafa na asilimia za mapigo.

Haina taa ya skrini, na si chombo cha kuwinda milivolti kwenye fyuzi. Ndiyo maana iko hapa na si juu. Fluke 88V, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, iachie gereji. Bei yake hairudi kwa gari moja.

4. DT9205A

Unachagua renji mwenyewe, skrini kubwa inayoinuka, mlio upo. Volti kwenye renji ya 20 inasoma vizuri. Tundu lake la 20A halina fyuzi: usipime ampea nalo zaidi ya sekunde kumi, na usilikaribie wakati wa kupiga stata. Inatumia betri ya 9V, na betri hiyo ikichoka mita inaanza kusoma juu. Ukiona 13.4 kwenye betri ya gari lililozimwa tangu jana, badilisha ya mita kwanza.

5. DT830B

Ile ya manjano au nyeusi inayouzwa kila kona, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa kusoma kama betri imejaa na kama oltaneta inachaji, inatosha, na ukiiweka kwenye boksi la gari hutalia ikiibiwa. Renji yake ya 200 mV inafika 0.1 mV, kwa hiyo hata ujanja wa fyuzi unawezekana.

Ila B haina mlio. Yenye mlio ni 830D. Tundu la 10A halina fyuzi kwa kawaida. Na usijaribu kupima dayodi za oltaneta nayo: upande wa AC hauzuii DC, hivyo betri ya 12 itaonyesha karibu mara mbili yake, au sifuri ukigeuza ncha. Watu wamefungua oltaneta nzima kwa sababu ya namba hiyo.

6. Ya mshale

Aina ya YX-360 ilikuwa nzuri kwa redio. Kwenye renji ya omu ya x1 inasukuma mkondo wa zaidi ya miliampea 100 ndani ya unachopima, mwingi mno kwa kihisi au kompyuta, na kwenye omu waya mweusi ndio chanya. Iache.

Vitu vinavyodhaniwa kuwa mbadala

Kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari na kuunganishwa na simu, kinasoma kodi (namba za hitilafu kutoka kwa kompyuta ya gari), hakisemi kama waya umeoza. Kodi ya kihisi cha joto la maji inaweza kuwa kihisi, plagi au waya. Mita ndiyo inaamua. Kihisi hicho kwenye Toyota nyingi kinasoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzijoto 20, na kama 0.3 kwenye 80. Koili zenye pini nne zinazokaa juu ya plagi za cheche, kama za injini ya 1NZ-FE, hazipimiki kwa omu kwa sababu saketi ya kuziwasha imo ndani.

Taa ya kujaribu ya 5W, kwa upande mwingine, inunue pamoja na mita. Inavuta ampea 0.4, kwa hiyo inaufichua waya uliooza ambao mita peke yake ingeusomea 12 V. Isiguse waya za kompyuta, na kamwe isiguse plagi za manjano za mifuko ya hewa; mita kwenye omu nayo ikae mbali na plagi hizo.

Kwa mwenye haibridi: betri kubwa ya Aqua kizazi cha kwanza ni volti 144, ya Prius kizazi cha tatu ni 201.6, na inverta huziongeza hadi mamia. Mita yoyote ya hapa juu ni ya betri ndogo ya 12 tu. Waya za rangi ya chungwa ni za fundi mwenye glavu za umeme.

Dukani kabla ya kulipa

Nenda na betri mpya ya AA. Isome: inapaswa kuwa 1.5 hadi 1.6. Gusanisha ncha mbili kwenye mlio. Sauti itoke papo hapo, si baada ya nusu sekunde. Kwenye omu, ncha zikigusana, isizidi 0.5, tikisa nyaya, na namba ikirukaruka waya umekatika ndani au ni chuma kilichopakwa shaba. Omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe uone fyuzi ya 10A kwa macho, maana maandishi ya nje si ushahidi. Andika ukubwa wake na ununue mbili za akiba siku hiyohiyo.

Pesa ikibaki, nunua nyaya za silikoni na jozi ya vibanio vya mdomo wa mamba. Kipimo cha gari lililolala kwa kutumia tundu la 10A hakifanyiki salama bila vibanio: kimoja kwenye nguzo hasi, kingine kwenye kibano cha waya wake, ndipo unainua kibano taratibu bila mkondo kukatika. Ukitumia mikono, itateleza, kompyuta zitaamka, na dakika 40 zinaanza upya.