Kuzima sensa baada ya kufunga ngao: kazi ipi ya kulipia Mwanza

Funga ngao ya chuma mbele ya Prado, au ndoano ya tela nyuma ya Ranger, na sensa za bampa, zile zinazolia gari likikaribia kitu, zitaanza kulia hata gari likiwa katikati ya uwanja mtupu. Ukienda gereji za Nyakato au Igogo utaahidiwa "kuzimiwa sensa", ila ahadi hiyo inaweza kumaanisha kazi tano zisizofanana. Mbili kati ya hizo hazifai hata ukifanyiwa bure. Kabla ya kukabidhi funguo, muulize fundi rewaya anakusudia kufanya ipi.

Sensa ni kisahani kidogo kinachotetemeka. Hutoa mlio wa juu mno kwa sikio la mtu, kilohezi 40 au zaidi, kisha hunyamaza na kusubiri mwangwi. Kwa joto la Mwanza sauti huenda karibu mita 345 kwa sekunde, hivyo kitu kilicho umbali wa sentimita 30 hurudisha mwangwi ndani ya milisekunde 2 hivi. Boksi la sensa hupima muda huo tu, halina namna ya kujua kwamba bomba lililo mbele yake ni sehemu ya gari lenyewe. Ndiyo maana pia kuna ngao inayolia asubuhi na kunyamaza mchana: kitu kilicho karibu mno, takriban ndani ya sentimita 20, sensa hukikosa kwa sababu kisahani bado kinatetemeka kwa mlio wake. Ngao ikikaa kwenye mpaka huo, mara huonekana, mara hupotea. Bamba bapa hurudisha mwangwi mkali, bomba la duara huutawanya. Kama bado hujanunua ngao, hilo ni jambo la kuangalia kabla ya urembo.

Kazi ya kwanza, na mbovu kuliko zote, ni kuchomoa soketi ya sensa. Mfumo hukagua sensa zake kila ukiingiza rivasi, na ikikosekana moja huhesabu hitilafu. Kwenye VW na Audi nyingi utapata mlio mmoja mrefu wa sekunde kadhaa kila ukirudi nyuma. Magari mengine huwasha onyo kwenye dashibodi na kuzima sensa zote, pamoja na zile za nyuma zilizokuwa nzima. Soketi iliyoachwa wazi nyuma ya bampa huingia maji na tope, na baada ya mvua za masika pini zinakuwa kijani. Ukija kutaka kuirudisha, unanunua soketi.

Kazi ya pili, kuchomoa fyuzi, ni ndugu yake. Fyuzi ya sensa mara nyingi inalisha na vitu vingine, kwa mfano kamera ya rivasi au kioo cha ndani, kwa hiyo unanyamazisha kelele na kupoteza usichokusudia. Fundi anayekimbilia fyuzi bila kusoma mchoro wa kifuniko cha boksi la fyuzi, achana naye.

Kazi ya tatu haistahili kulipiwa kabisa: swichi. Prado 150 zenye sonar (jina la Toyota la sensa hizi) zina kitufe kwenye dashibodi, na Toyota za karibuni zimeihamishia kwenye menyu ya skrini iliyo mbele ya dereva. Gari lililotoka Japani menyu yake iko Kijapani, na wapo wanaotoza hela kwa kukubonyezea tu. Tafuta alama ya gari lililozungukwa na vijistari vya mawimbi, au P yenye mawimbi. Magari mengi ya Ulaya hayakumbuki: ukizima na kuwasha, au ukiingiza rivasi, sensa zinarudi kazini. Kwa foleni ya kivuko cha Kamanga, ambako magari hupangwa yakigusana karibu, swichi inatosha kabisa. (Kigongo hadi Busisi shida hiyo imekwisha tangu daraja lifunguliwe Juni 2025.) Kwa ngao ya kudumu haitoshi.

Kazi yenye thamani kwa mwenye ngao ni ya nne: kuhamishia sensa kwenye ngao yenyewe. Gari linabaki na masikio yake, na umbali unapimwa kuanzia chuma kitakachogonga kwanza, jambo ambalo bampa la zamani haliwezi tena kukupa. Baadhi ya ngao za kiwandani, kama ARB Summit, huja na nafasi za sensa. Ngao ya kuchomelewa hapa mjini inahitaji matundu, na matundu hayo yakatwe kabla ya rangi. Ukikata baada ya rangi, kingo zinabaki chuma kitupu na unyevunyevu wa ziwa hauchelewi kuleta kutu.

Kipenyo cha tundu kipimwe kwa sensa yako pamoja na kishikio chake. Seti nyingi za sensa za dukani hutumia tundu la milimita 22 na huja na msumeno wake wa drili, lakini za kiwandani hutofautiana. Kati ya sensa na chuma lazima kuwe na pete ya mpira. Bila pete, mtetemo unapita kwenye chuma, sensa inajisikia yenyewe na kulia muda wote. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia. Uso wa sensa uwe sambamba na uso wa ngao. Ukizama ndani, kingo za tundu zitarudisha mwangwi. Kimo kizuri ni sentimita 50 hadi 65 kutoka ardhini, na alama ya juu iliyoko mgongoni mwa sensa ielekee juu kweli, kwa sababu mwale wake ni mpana kwa pembeni na mwembamba kwa wima. Sensa iliyozungushwa robo mzunguko itaona ardhi na kupiga kelele.

Waya mara nyingi ni tatu: umeme, ardhi na ishara. Zirefushwe kwa kulehemu kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungushia solotepu hakufai kwenye gari litakaloingia maji ya ziwa pale Igombe kushusha boti. Bora zaidi ni kununua kipande cha waya chenye soketi za aina ileile pande zote mbili, usikate waya za gari hata kidogo. Sensa isipakwe rangi nzito ili ifanane na ngao. Kisahani kikilemewa, hakitetemeki ipasavyo.

Kwa ndoano ya tela mambo ni mengine, maana hakuna pa kuhamishia. Hapa dawa ni kazi ya tano: kubadili mipangilio ya gari kwa kompyuta. VW na Audi nyingi zinakubali kuambiwa kwamba zina ndoano, kupitia VCDS au OBDeleven (vifaa vya kusoma na kubadili mipangilio ya magari hayo), kwenye anwani, yaani namba ya boksi la sensa, 76 au 10 kutegemea gari. Boksi la sensa linapuuza mwangwi wa ndoano na kuendelea kuona vingine. Ford Ranger hufanyiwa kwa FORScan, programu ya magari ya Ford, toleo la Windows, kwa sababu la simu haliandiki mipangilio. Adapta ya kuunganisha kompyuta na gari iwe inayofikia mitandao yote miwili ya gari, pini 6 na 14 pamoja na 3 na 11 za soketi ya uchunguzi (OBD). Zile za bei ya chini kabisa husoma mmoja tu. Fundi mzuri utamjua kwa mambo mawili: anahifadhi nakala ya mipangilio ya awali kabla ya kugusa kitu, na anaunganisha chaja ili betri isishuke katikati ya kuandika. Asiyefanya hayo anaweza kukuachia gari lisilowaka.

Sensa kujizima tela linapounganishwa ni suala la waya. Fundi akidandia waya za taa za nyuma, taa za tela zitawaka lakini gari halitajua kuna tela, na ukirudi nyuma itakuwa kelele tupu. Panahitajika moduli ya tela ya gari hilo. Hata hivyo, tela lenye taa za LED huvuta umeme kidogo kiasi kwamba moduli nyingine hazilitambui. Tiba yake ni kuongeza rezista kwenye saketi ya taa, mbali na plastiki kwa sababu hupata moto.

Gari ambalo sonar yake inashika breki yenyewe lisiguswe kwa mbinu za mkato. Ngao ikionekana kama ukuta, gari linaweza kufunga breki ukiwa unaingia barabarani. Huko ama hamisha sensa, ama zima kipengele hicho kwenye menyu.

Wanaosema sensa si lazima wanasahau milima ya Isamilo na Bugando, ambako nyuma ya gari mara nyingi kuna jiwe. Tena jiwe la kimo cha goti huonekana ukiwa mbali, kisha linapotea chini ya mwale ukilikaribia. Aliyenyanyua gari kwa sentimita 5 amelizidisha tatizo hilo, kwa hiyo asishangae sensa zake kuwa kimya kuliko zamani.

Kabla ya kulipa, funga handibreki, zungusha funguo hadi ON bila kuwasha injini, ingiza rivasi na uguse kila sensa kwa ncha ya kidole. Iliyo hai utaihisi ikigongagonga. Iliyokufa, ibadilishe nafasi na ya jirani yake: ubovu ukihama, sensa ndiyo mbovu, usipohama ni waya. Kisha asimame mtu nyuma, asogee kutoka mita 1.5, kona moja baada ya nyingine. Pita na kibao cha namba pia, kikipinda kwa nje kinatosha kuliza sensa ya katikati na ukamlaumu fundi bure.