Behringer TD-3: kiboksi cha bei rahisi na wazee wa "hiyo siyo yenyewe"

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina hiki kiboksi cha rangi ya fedha, Behringer TD-3, sinthesaiza ya besi. Na najua sijakiwasha hata, tayari kuna mheshimiwa ameshaanza kuandika kule chini: "Hiyo siyo yenyewe. Yenyewe ni Roland." Sawa mkuu, malizia kuandika, sisi tunaendelea.

Bei kwanza, maana ndiyo mnayouliza kila siku. Ilipotoka mwaka 2019 ilitangazwa kwa dola 149, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama laki tatu na nusu za Kitanzania, kabla hujaongeza usafiri na ushuru. Ni mfano wa TB-303, mashine ya besi ya kampuni ya Kijapani Roland ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na TB-303 halisi leo inauzwa maelfu ya dola. Shika hiyo tofauti ya bei, maana kelele zote nitakazozungumzia zinatoka hapo.

Haya, ndani kuna nini. Osileta, yaani kizalisha sauti, ni moja tu, kwa hiyo inatoa noti moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kupiga noti tatu pamoja, tafuta kinanda. Swichi hii inachagua umbo la wimbi, la msumeno au la mraba. Hizi nobu za juu: kuna ya kurekebisha tyuni, kuna katofu inayofungua na kufunga filta, yaani kichujio cha sauti, halafu rezonansi inayokoleza sauti pale filta inapokatia, envelopu ya kiasi filta inavyofunguka kwa kila noti, dikei ya muda inaochukua kufunga, na aksenti ya mkazo wa noti. Sauti yote unayoijua inaishi kwenye nobu hizi chache. Sikiliza. Noti moja, A ya chini, filta nimeifunga. Unasikia inavyovuma kama iko chumba cha pili? Sasa naipandisha rezonansi hadi karibu na mwisho, sigusi kitu kingine. Imeanza kufinya pua. Halafu nafungua katofu taratibu… hapo. Hapo! Noti haijabadilika, ni ileile A, lakini sasa inalia, inalalamika, inakaribia kutamka maneno. Watu wamecheza muziki wa hivi usiku kucha tangu Chicago ya miaka ya 80, na kinachotokea ni mkono wa mtu unazungusha nobu.

Upande huu wameongeza distosheni ya kukwaruzisha sauti, ambayo TB-303 ya zamani haikuwa nayo. Nyuma kuna MIDI ya kuunganisha na ala nyingine, kuna USB ya kuunganisha na kompyuta, na kuna tundu la hedifoni. Betri hakuna. Mashine ya zamani ilikuwa na sehemu ya betri, hii inataka umeme wa ukutani, na sisi tunajua umeme wetu.

Sasa kwenye sikwensa, sehemu ya kupanga noti zijipige zenyewe, ndiko watu wanakochukia. Ina hatua 16, na namna ya kuingiza noti wameifuata ya zamani. Huingizi noti pamoja na muda wake. Kwanza unaingiza noti zote mfululizo, kavu, bila mapigo. Kisha unarudi mwanzo kuingiza muda: hapa noti ipige, hapa iendelee, hapa kimya. Halafu unapita tena kuweka aksenti na ule mtelezo wa noti kuingia noti nyingine. Ukikosea hatua moja kwenye muda, noti zote za mbele zinahama nafasi. Angalia, nilitaka C iangukie hatua ya tano, imeangukia ya sita, na mtelezo umeikamata D ambayo sikuipanga. Ningekuwa kwenye kompyuta ningefuta. Hapa naiacha, kwa sababu sikiliza… imekuwa nzuri kuliko nilichokuwa nacho kichwani. Kama wewe ni mtu wa kutaka kila kitu kikae ulipokiweka, mashine hii itakupandisha presha. Ipo programu ya kompyuta ya kuandikia paterni kwa macho, na hakuna dhambi kuitumia.

Turudi kwa wazee wetu wa "hiyo siyo yenyewe".

Roland walipoitoa TB-303, kazi iliyoundwa na mhandisi wao Tadao Kikumoto, lengo lilikuwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi afanye mazoezi nyumbani. Ilitakiwa isikike kama gitaa la besi. Haikusikika hivyo hata kidogo, na kuipangia noti kulikuwa mateso. Zilitengenezwa kama 10,000 hivi, na kufikia mwaka 1984 uzalishaji ulisimama. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa, wanamuziki wenye heshima zao wakizipita. Spanky, kijana wa Chicago, akanunua moja ya mtumba. Yeye na wenzake DJ Pierre na Herb J, kwa jina la kundi Phuture, wakaanza kuzungusha nobu bila mpango. Walichorekodi kikapelekwa kwa DJ Ron Hardy kwenye klabu ya Music Box. DJ Pierre amesimulia mara nyingi kwamba Hardy alipoupiga mara ya kwanza watu waliondoka ukumbini, lakini hakuuacha, akaurudia usiku uleule, na alipoupiga mara ya nne watu walikuwa wamepagawa. Santuri ikatoka mwaka 1987, na ndiyo chimbuko la mtindo mzima unaoitwa asidi hausi.

Na kabla ya Chicago kulikuwa na Bombay. Charanjit Singh, mpigaji wa studio za filamu za Kihindi, mwaka 1982 alichukua TB-303, mashine ya ngoma TR-808 na sinthesaiza ya Jupiter-8, akapiga raga za Kihindi juu ya mdundo wa disko, albamu nzima. Haikuuza. Ilikaa kusikojulikana hadi ilipotolewa upya mwaka 2010, na watu wa Ulaya wakashika vichwa: huyu mzee alifanyaje haya miaka mitano kabla ya santuri ya Chicago? Jibu ni kwamba alikuwa na mashine mpya mezani na hakukuwa na mtu wa kumwambia matumizi halali ni yapi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia niiheshimu TB-303 kwa sababu ni ya kifahari, mimi nacheka. Heshima yake ililetwa na watu walioikuta jalalani. Ufahari umekuja na bei, na bei imekuja kwa sababu zimebaki chache.

Halafu angalia jinsi goli linavyohamishwa. Zamani ukitumia programu ya kompyuta uliambiwa ile ni dijitali, haina roho, tafuta analogi, inayotengeneza sauti kwa umeme wenyewe badala ya hesabu za kompyuta. Sasa TD-3 ni analogi, saketi yake imefuata ileile ya zamani. Basi goli likahama: transista si zilezile, aksenti haipigi vilevile, boksi ni plastiki. Ndugu yangu, hata TB-303 ilikuwa plastiki! Na weka TB-303 mbili halisi pamoja, hazitatoa sauti moja, maana vipuri vina tofauti zake na umri umezipita kila moja kivyake. Sasa katika hizo mbili "yenyewe" ni ipi? Mara nyingi anayebisha ameisikia kupitia spika ya simu, kwenye video ambayo sauti yake imeshabanwa.

Kwetu ugonjwa huu una sura yake. Sisi hatugombani sana kuhusu transista. Kwetu ni "unatumia FL Studio? Bado uko Fruity?" Kama vile FL, programu ya kutengenezea muziki iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997, ni mchezo wa watoto. Prodyuza 9th Wonder alijenga jina kwenye hip hop kwa programu hiyo. Avicii, DJ wa Sweden, aliitumia. Na Singeli? Vijana wa Dar es Salaam wanatengeneza midundo ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika kwenye kompyuta za kawaida kabisa, vyumba vidogo, feni inapiga kelele. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za prodyuza Sisso na wenzake, na muziki ule ukafika kwenye matamasha ya Ulaya. Wangesubiri kwanza wanunue mitambo inayokubalika na wazee, tungekuwa bado tunawasubiri.

Mwingine atakwambia biti yako haiwezi kuwa ya viwango kwa sababu huna maikrofoni ya Neumann U 87. Wimbo wenyewe utapigwa kwenye spika ya bluetooth iliyofungwa kwenye bodaboda. Lakini hapana, Neumann kwanza.

Kinachoniudhi si ubishi wenyewe, mimi nabishana sana. Kinachoniudhi ni anayelipa gharama. Kijana anaweka biti yake ya kwanza, anauliza besi yangu mbona inazama? Swali zuri, lina jibu: kiki, ile ngoma nzito, na besi zinagombania sehemu moja, ipunguze besi kidogo pale kiki inapopiga, basi. Badala ya jibu hilo anapata watu kumi wanamuuliza anatumia spika gani, sauti kadi gani, na mmoja anamwambia akauze laptop anunue kuku. Mwezi ujao humuoni tena. Muziki wake hukuusikia, na aliyemjibu hivyo ukienda ukurasa wake hakuna hata wimbo mmoja, kuna picha za mitambo tu, imepangwa vizuri, na taa za zambarau.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nakubaliana nao nusu. Mkulima hodari anajua mpini mbovu akiushika, na sitaki mtu akimbilie msemo huo kunyamazisha ukosoaji wa haki. TD-3 ina ya kukosolewa. Vitufe vya sikwensa ni vidogo, na ukiwa gizani jukwaani utabonyeza viwili kwa mpigo. Haina sauti nyingine zaidi ya hii moja, ukiichoka, umeichoka. Na lipo swali la kuiga kazi za kampuni nyingine, ambalo si wivu: mtu akisema hapendi kununua nakala za ubunifu wa wengine, huo ni msimamo, namheshimu. Roland wenyewe waliirudia sauti hii mwaka 2016 kwa TB-03, lakini ile ni dijitali, na mara wale wazee wakaiponda nayo. Hawana dogo.

Sasa, ununue? Kama unafanya Singeli, Bongo Fleva au Amapiano, na laptop inatosha, usinunue. Nasema kweli. Hiyo hela weka kwenye hedifoni nzuri, au RAM. Sauti ya asidi utaipata ndani ya kompyuta, na hakuna msikilizaji wa daladala atakayeshtuka. Kama unapiga hausi au tekno laivu, na unataka kitu cha kushika kwa mikono mbele ya watu, hapo TD-3 inalipa, kwa sababu kuzungusha nobu mbili kwa pamoja huku watu wanakuangalia ni raha ambayo mausi haina. Ukinunua iliyotumika, jaribu kila kitufe kabla hujatoa hela, zungusha kila nobu ukisikiliza mikwaruzo, na hakikisha adapta yake ya volti 9 ipo.

Ile paterni niliyoikosea mwanzo, yenye C kwenye hatua ya sita na mtelezo unaoingia D, nimeiandika yote kwenye maelezo chini ya video, hatua kwa hatua pamoja na aksenti zake. Iweke kwenye chochote ulicho nacho, simu, FL, kinanda cha kanisani, halafu niwekee nisikie. Usiniambie umetumia nini.