Get Up ya NewJeans: Wimbo kwa Wimbo

Albamu fupi ya Get Up, iliyotolewa na kundi la NewJeans la Korea Kusini mnamo Julai 2023, ina nyimbo 6 zinazochukua takriban dakika 12 tu. "New Jeans" ni utangulizi mwepesi. Utamu wenyewe umo katika "Super Shy", ambamo ngoma zinakwenda mbio ilhali sauti za waimbaji zinabaki tulivu, karibu za kunong'ona, hata msikilizaji asijue acheze au atulie. "ETA" unategemea mno mlio wa honi unaojirudia, nao, kwa masikio yangu, huchosha mapema. "Cool With You" unabeba huzuni bila kelele. "Get Up", wenye sekunde 36, unakatika kabla haujakolea. Ningeutoa mhanga "ASAP" ili "Get Up" urefushwe.