RAM ya "gemu" 3200: kipi cha kweli kwenye lile boksi

Nina miezi minane na hii RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), stiki mbili za GB 8 za DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM za DDR, na siku nainunua nilisoma boksi nikaacha kusoma stika. Jina la kampuni silitaji, maana karibu zote zinaandika hivyohivyo.

Mbele ya boksi kuna maneno makubwa makubwa, ya gemu, kasi ya juu kabisa, chaneli mbili, megahezi 3200. Hilo la gemu halina kipimo chochote, hakuna mtu anayepima RAM akasema hii ya gemu hii ya kazi za ofisi, ni neno la kuuzia tu. Chaneli mbili, yaani prosesa kutumia stiki mbili kwa wakati mmoja, nayo haiko kwenye RAM, ni kazi ya prosesa na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), wewe unachotakiwa ni stiki mbili na kuzichomeka kwenye nafasi zinazotakiwa. Ila kuuzwa mbili pamoja kuna faida ya kweli, zimejaribiwa zikiwa pamoja, hiyo naikubali kabisa.

Sasa hapo kwenye 3200 ndo niliumia kichwa. Nimechomeka, nimewasha, kompyuta inaniandikia 2133. Nikajua nimepigwa, nimeuziwa feki. Kumbe kwenye stiki kuna kachipu kadogo kanakotunza spidi za RAM yako, na ukiwasha mara ya kwanza kompyuta inachukua ile ya kawaida ya usalama, hiyo 3200 iko pembeni kwenye profaili inaitwa XMP (ukinunua DDR5, kizazi kinachofuata, ya kutumia na prosesa ya AMD utakuta pia EXPO), na haiji yenyewe, lazima uingie kwenye bayosi (menyu ya mipangilio ya madabodi unayoifungua kompyuta inapowaka) uiwashe, na ukiiwasha umeme wa RAM unapanda kutoka volti 1.2 mpaka 1.35. Laptop nyingi hazina hata sehemu ya kuiwasha. Kwa hiyo ile namba kubwa kwenye boksi ni spidi ambayo stiki inaiweza kama prosesa na madabodi yako vinaruhusu, na boksi langu lilikuwa na hayo maelezo nyuma, chini kabisa, kwa maandishi ya kukodolea macho. Hilo linaniudhi mpaka leo, mtu asiyejua anaweza kukaa miaka na 2133 wakati kalipia 3200.

Nikaiwasha, nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, ikaniandikia megahezi 1600. Roho ikanipasuka tena! Ila hapo RAM haikuwa na kosa, DDR inapitisha data mara mbili kwa kila pigo, mapigo 1600 yanakupa 3200, na kipimo sahihi kilitakiwa kuwa MT/s yaani mamilioni ya upitishaji kwa sekunde, sio megahezi. Na ukikuta PC4-25600 usidhani ni nyingine ya ajabu, ni hiyohiyo 3200 mara baiti 8.

Kitu cha kuangalia ni stika ndogo ya kwenye stiki yenyewe. Yangu inasema 3200, CL16-18-18-38, 1.35V. Hiyo CL (hapa 16) ni mapigo mangapi RAM inasubiri kabla haijaanza kutoa data, na peke yake haikwambii kitu mpaka uiweke pamoja na spidi: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawa kwa 3200, unapata nanosekunde 10. Ndugu yangu aliongeza hela akachukua 3600 CL18 akiamini inaitika haraka zaidi, piga hesabu, 10 vilevile. Inapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, sawa, ila kuanza kutoa zinaanza pamoja. Halafu kuna 3200 CL22, ambayo ni 13.75, na mbele ya boksi nayo imeandikwa 3200 kwa maandishi yaleyale makubwa.

Bati la kupoza lililofunika stiki ni zuri kwa macho basi, kwa volti 1.35 joto sio shida kubwa. Langu ni refu mpaka likagusa feni ya prosesa, ikabidi niipandishe feni kidogo.

Wenye DDR5 nawaomba muwe makini na neno ECC, yaani RAM inayorekebisha makosa ya data. DDR5 zote zina marekebisho ya makosa ndani ya chipu, ndo kiwango chenyewe kilivyo, lakini hayo hayailindi data ikiwa njiani kwenda kwa prosesa. ECC kamili ina chipu za ziada na inataka prosesa na madabodi zinazoikubali. Kwenye DDR4 unaweza hata kuhesabu, stiki ya kawaida yenye chipu 8 upande mmoja, ya ECC ina 9. Mtu anayetunza hesabu za watu au picha za wateja asiuziwe hilo neno kirahisi.

RAM yenyewe? Nzuri. Nimeipitisha MemTest86 (programu ya kutafuta makosa ya RAM) usiku kucha ikiwa 3200, kosa hata moja hakuna. Mwezi uliopita nikataka kuongeza stiki mbili, jina lilelile, boksi lilelile, 3200 kubwa mbele. Nikaligeuza kabla ya kulipa, namba ya modeli imepishana herufi moja tu, na chini yake CL22. Nikaliacha palepale.